Asubuhi Niliyoamkia Uarabuni

Mwanamke anayeishi chini yangu amefungua kibanda cha kufulia nguo, na siku hizi, kabla sijanywa chai, harufu ya pasi ya moto juu ya shuka bichi hunipandia dirishani. Ni harufu safi. Wapangaji wenzangu wanaisifu. Mimi hujikuta nimesimama katikati ya chumba nikiutafuta mlango kwa macho, ilhali mlango naujua ulipo. Mwili una kumbukumbu zake wala hauombi ruhusa. Huniambia tu: umechukuliwa, uko mbali, usilie.

Nililelewa na bibi yangu kule Gatina, Kawangware, katika chumba kimoja nyuma ya jengo la ghorofa. Tulimwita Susu, kama Wakamba wanavyowaita bibi zao. Aliuza makaa yaliyoletwa kwa lori kutoka kwao Kitui, akiyapima kwa mkebe mlangoni petu, na vumbi lake lilikuwa limemwingia katika mistari ya viganja hata Jumapili halikutoka. Nyinyi mliolelewa na bibi mnajua jinsi mtoto anavyoweza kuamini kwamba dunia nzima ni mwili wa mtu mmoja. Dunia yangu ilikuwa na viganja vyeusi, leso iliyopauka na kikohozi cha alfajiri ambacho kilinijulisha kwamba kumekucha na kwamba sijaachwa.

Mama yangu alikuwa sauti ya simu. Alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba kabla sijajua kufunga kamba za viatu, na aliondoka nikiwa nimelala. Hilo niliambiwa baadaye, kwa wema, kama kwamba usingizi ulikuwa zawadi niliyopewa. Alikuwa akitupigia wakati mwajiri wake anapokwenda kusali, ndiyo nafasi pekee aliyokuwa nayo, kwa hiyo nyuma ya sauti yake daima palikuwa na adhana, ndefu, ikipanda na kushuka. Upande wetu wa Gatina ulikuwa wa makanisa na ngoma zake. Sikujua kwamba adhana ni wito wa sala. Nilidhani ni mlio wa mahali penyewe, kwamba kama vile Gatina hulia pikipiki, Uarabuni hulia hivyo.

"Haloo, Mama," ndivyo alivyoniita.

Nina jina la Susu. Kwa desturi yetu, mtoto akibeba jina la bibi yake, mzazi humwita mama, wala si mzaha. Mtoto wa namna hiyo anaweza kumkaripia mzazi wake, na mzazi akanyamaza kwa adabu. Kwa hiyo nyumbani kwetu tulikuwa na mama wawili, mmoja mwenye mvi na mwingine mwenye mapengo, na simu ikisema "Hebu nipe Mama," mimi na Susu tulitazamana kwanza, kisha tukacheka.

Siku moja nilimuuliza, "Huko huwa unalia?"

"Huku hakuna kulia, Mama. Ukilia unaongezewa kazi."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nililihifadhi neno hilo kama mtu anavyohifadhi namba ya nyumba asiyotaka kufika.

Kisha alasiri moja alirudi. Alikuwa mwembamba kuliko sauti yake, amevaa gauni refu jeusi, ameshika mfuko mmoja tu. Watoto wa ploti, wale wa jengo letu, walikuwa wamejipanga langoni kungoja masanduku. Violet, aliyekuwa mkubwa kwetu na aliyejua kila kitu, alimtazama mama juu hadi chini.

"Kwani masanduku yamebaki kwa ndege?"

Wote wakaangua kicheko. Halafu akanigeukia mimi. "Usijali. Amekuja kukubeba. Utaenda Saudi ukule ngamia, ukirudi hapa hata Susu hatakujua."

"Zii, siendi," nikasema.

"Zii nini? Mtu hatoki huko kote kuja kusalimia makaa."

Nilingoja mama anikumbatie ili nimwone Violet akiaibika. Aliponyoosha mikono nikarudi nyuma, nikajificha katika leso ya Susu. Nilimsikia Susu akisema, "Mpe muda." Mama akasema muda ndicho kitu asichokuwa nacho.

Jioni ile aliongea na simu nyuma ya pazia lililogawa chumba chetu. Aliongea polepole, kwa sauti ya mtu anayepanga jambo na hataki lisikike. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimelala kifudifudi, pua yangu kwenye ukingo wa pazia.

"Nimekuambia nitakujibu. Mama akikubali, Jumatatu tunaondoka."

Nilisubiri sauti ya Susu. Nilisubiri aseme, Mama gani? Sikubali mimi. Lakini Susu alikuwa nje akimpimia mtu makaa, na aliporudi mama akamnong'oneza maneno marefu, naye Susu akasema kwa Kikamba kwamba ni sawa, lakini asidanganye. Neno "sawa" nililisikia vizuri. Hayo mengine yalinipita.

Kesho yake Susu alinikalisha kwenye karai akanisugua kana kwamba ananiandaa kwa mnunuzi. Magoti, visigino, nyuma ya masikio. Akanipaka mafuta mpaka nikang'aa, kisha akakunja nguo zangu akazitia katika mfuko wa plastiki.

"Unaenda kulala hotelini na mama yako. Siku mbili."

Kwetu Gatina, hoteli ilikuwa mahali pa chai ya maziwa na chapati, benchi ndefu, na mwanamume mwenye aproni anayefuta meza kwa kitambaa kimoja tangu asubuhi. "Tutalala juu ya meza?" nikauliza.

"Kuna hoteli za vitanda."

"Na wewe?"

"Makaa nitamwachia nani?"

Hakunitazama aliposema hivyo. Alikuwa akifunga mfuko wangu fundo, na fundo lilikuwa limeshafungika, lakini aliendelea kulifunga.

Nilimsikia akimuuliza mama mlangoni, kwa nini hoteli, kwa nini pesa ya jasho iende kwa kitanda. Mama akamjibu kwamba ametandika vitanda vya watu mpaka mgongo ukapinda, na anataka kulala katika kimoja kilichotandikwa na mtu mwingine, yeye na mwanawe, mara moja tu kabla. Hakumalizia. Susu akauliza, "Kabla ya nini?" Teksi ikapiga honi.

Jua lilikuwa linazama. Nakumbuka tulipita kituo cha Satellite, nikaona maduka yakiwasha taa, na mkono wa mama ukiwa umelala karibu na wangu kwenye kiti bila kuugusa. Niliapa sitalala. Nilijua walivyofanya kwetu, kwamba mtu huondoka na wewe umelala. Nilikaza macho mpaka yakatoa machozi. Hapo ndipo kumbukumbu inapokatika.

Niliamshwa na adhana.

Haikutoka kwenye simu. Ilitoka nje, kubwa, ikajaza chumba, ikapita juu yangu kama maji. Nilikuwa nimelala katika kitanda cheupe kipana kuliko chumba chetu, shuka limenyooshwa likabana miguu yangu, na kila nilipovuta pumzi nilivuta ile harufu, ya pasi na ya usafi usio wa mtu yeyote ninayemjua. Hapakuwa na kikohozi. Nilikingoja kile kikohozi cha Susu kwa muda mrefu, nikijua hakitakuja, na bado nikakingoja.

Ndipo nikajua. Violet alisema kweli. Susu amekubali, nimebebwa nikiwa nimelala, na sasa niko Uarabuni.

Niliinua kichwa taratibu. Kiti kilikuwa kimeegemezwa mlangoni, mgongo wake umekaba mkono wa mlango, ili nisiweze kutoka. Mama hakuwa kitandani. Alikuwa amelala sakafuni juu ya zulia, kati yangu na mlango, amevaa viatu. Nilimwona kama mlinzi. Sikuwahi kumwona mtu akilala na viatu isipokuwa bawabu wa ploti yetu.

Niliteremka upande wa dirisha, nikajipenyeza nyuma ya pazia zito. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Tulikuwa juu, juu sana, na chini yetu kulikuwa na mnara wa msikiti na taa yake ya kijani, na njiani wanawake waliovaa mabuibui wakitembea bila haraka, mmoja amemshika mtoto mkono. Nyuma ya msikiti mabati yalienea mpaka mwisho wa macho, mekundu kwa kutu. Mabati hayo yalinishangaza kidogo, maana sikujua kwamba Uarabuni nako kuna mabati. Lakini mtoto akishaogopa, kila anachokiona humtolea ushahidi. Nilisema moyoni, kumbe hata huko kuna watu kama sisi. Nikamhurumia yule mtoto aliyeshikwa mkono. Nilidhani naye ameibwa.

Nilirudi kitandani nikalala kama nilivyokuwa. Nilibanwa na mkojo, nikaogopa kupita juu ya mama. Kilio kilinipanda nikakumbuka kwamba huku hakuna kulia. Nikaliuma shuka. Nililiuma mpaka likalowa, na harufu yake ikaniingia kooni, na nadhani ni hapo ilipoamua kwamba haitanitoka maisha yangu yote. Mkojo nao haukungoja.

Mama alipoamka alikurupuka kabla hajafungua macho, akasimama wima, akatazama mlango kwanza, halafu mimi.

"Umeamka, Mama? Umelala vizuri?"

Nikaitika kwa kichwa, shuka limefika kidevuni.

"Naoga haraka, kisha tushuke tukakunywe chai. Kuna mayai, kuna soseji, unachagua mwenyewe. Usimfungulie mtu, sawa?"

Maji yakaanza kumiminika bafuni. Punde mlango ukagongwa.

"Hausikipingi!"

Sijawahi kusahau kilichofuata. Mama alitoka bafuni mbio, gauni limemng'ang'ania mwilini, maji yanamchuruzika usoni. "Ndiyo madam! Nakuja madam!" Ilikuwa sauti ndogo, nyembamba, ya mtoto aliyevunja kikombe. Aliondoa kiti, akafungua, akasogea pembeni macho yakitazama sakafu.

Mlangoni alisimama mwanamke mnene mwenye aproni ya kijani, na nyuma yake toroli la mashuka.

"Madam ni nani hapa, dada? Ni mimi tu. Nilidhani mmeshuka kwa chai."

Mama tayari alikuwa ameshika mto, anaubadilisha foronya. Mikono yake ilikwenda yenyewe, ikakunja, ikanyoosha.

"Wacha! Wacha hiyo! Unataka nifutwe?" Yule mwanamke alimpokonya mto akicheka. "Wewe ndio mgeni, mimi ndio mfanyakazi. Sasa ukifanya kazi yangu, mimi nilale hapo?"

"Samahani."

"Na huo mkunjo umejifunzia wapi? Hata mimi siuwezi."

"Kazini," mama alisema. Simu yake ikalia. Akaitazama, uso wake ukabadilika, akatoka nayo koridoni na kuurudisha mlango.

Nilibaki na yule mwanamke. Aliongea Kiswahili cha kwetu, lakini hilo halikunipa moyo, maana mama alishatuambia kwamba Uarabuni wako Wakenya wengi wanaotandika vitanda. Huyu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na uso mwema na nilijua sitapata nafasi nyingine.

"Anti," nikanong'ona, "na wewe ulichukuliwa?"

"Nilichukuliwa na nani, nyathina?" Aliniita mtoto wake, kwa Kijaluo, akiendelea kupanga taulo.

"Ukirudi Kenya, tafadhali pitia Gatina. Uliza Susu wa makaa, kila mtu anamjua. Mwambie mimi sikukubali kuja. Nilikuwa nimelala. Mwambie aje anichukue, sitakula sana."

Aliangua kicheko, kicheko kikubwa cha tumbo. "Nikirudi Kenya! We mtoto, kwani hapa ni wapi?"

"Uarabuni."

"Uarabuni! Nimekuja na miguu yangu saa hii, nimeruka mtaro hapo chini! Huo ni msikiti wa Makina. Hiyo yote unaona ni Kibera."

Kisha akanitazama vizuri, na kicheko kikamwishia mdomoni. Akalivuta shuka polepole, akaona nilipokuwa nimelalia. Aliniinua, akanifunga taulo kiunoni, akaliviringisha shuka lililolowa akalisukuma chini kabisa ya toroli mahali ambapo mtu hataliona.

Sikumwamini. Mtu aliyechukuliwa huweza kuambiwa lolote. Nadhani alilisoma hilo, kwa sababu alikwenda dirishani, akafungua pazia lote, kisha kioo. Hewa baridi ikaingia, na moshi, na harufu ya mandazi, na kutoka chini kabisa sauti ya mwanamke mwenye hasira:

"Mama Otis! Mama Otis, nirudishie ndoo yangu! Kila siku ni mimi tu!"

"Umesikia?" akasema yule mwanamke. "Sasa niambie, ni Mwarabu gani anaitwa Mama Otis?"

Nilikaa chini kwenye zulia.

Tulipogeuka, mama alikuwa mlangoni, simu mkononi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Yule mwanamke alichukua toroli lake, na alipompita akasema kwa upole, "Dada, mtoto wako alidhani umemuiba. Ongea naye." Mlango ukafungwa.

Mama alikuja akaketi sakafuni mbele yangu. Hakunigusa.

"Ulidhani nimekupeleka kule?"

"Nilikusikia. Ulisema Mama akikubali, Jumatatu tunaondoka. Na Susu akasema sawa."

Alifunga macho. "Na kwa nini hukulia?"

"Si ulisema huku hakuna kulia."

Aliziba mdomo kwa mkono. Alipouondoa, aliongea na mimi kama mtu mzima anavyoongea na mtu mzima, na mpaka leo sijui kama lilikuwa kosa au heshima. Alisema Mama aliyemtaja hakuwa Susu. Nilikuwa mimi. Kuna wasichana wanaondoka Jumatatu, na ajenti wa kazi za huko anataka awe miongoni mwao, mkataba mwingine, nyumba nyingine. Susu amemwambia hawezi kumkataza, lakini safari hii hataondoka nimelala. Ataniomba ruhusa uso kwa uso, na nikikataa asiende. Ndiyo sababu ya hoteli. Alitaka nile vizuri, nioge maji ya moto, nicheke, halafu jioni aniulize.

Alitaka kunihonga, naweza kusema leo. Wakati ule macho yangu yalikuwa kwenye kiti tu.

"Mbona uliweka kiti mlangoni?" nikauliza.

"Ni mazoea."

"Ulikuwa unanifungia?"

"Wewe? Hapana, Mama." Alikitazama kile kiti. "Kule chumba changu hakikuwa na ufunguo upande wa ndani. Kiti ndicho kilikuwa ufunguo."

Sikuuliza kiti kilimzuia nani. Sikuwa na umri wa kujua. Lakini nilijua kulala mahali pazuri ukiwa na hofu, ukitazama mlango, ukiliuma shuka ili usisikike. Nilikuwa nimelijua jambo hilo tangu adhana ya alfajiri, na yeye alikuwa amelijua kwa miaka. Nilimtazama mwanamke huyu niliyemkimbia mbele ya watoto wa ploti, nikamwona kwa mara ya kwanza, kwa sababu tulikuwa tumetoka sehemu moja.

"Sasa, Mama," akasema. "Unasemaje?"

Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulikuwa safi. Nusu yangu ilitaka aende, ili mimi nirudishwe kwa Susu na mambo yawe yalivyokuwa, yeye sauti na mimi sikio. Angeenda angetuma pesa, na Violet angenyamaza. Nilijua kwamba nikisema nenda, ataenda. Uzito wa jambo hilo uliniogopesha kuliko Uarabuni yenyewe.

"Usiende," nikasema.

"Susu amezeeka. Makaa hayatoshi."

"Nimekataa."

Nililisema kwa sauti ya Susu, ile anayowapa watu wanaotaka mkebe ujazwe mpaka umwagike. Sijui niliitoa wapi. Mama aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekaripiwa, na mabega yake yakashuka, yakashuka zaidi, mpaka nikaona jinsi alivyokuwa ameyabeba.

Simu ikalia. Alipokea, na kwa kuwa chumba kilikuwa kimya niliisikia sauti ya yule ajenti yote, kavu, ya haraka.

"Sasa umeamua?"

"Mama amekataa."

"Mama gani? Si niliongea na mathako, yule mzee wa makaa, juzi, akasema uamuzi ni wako?"

"Si huyo. Yule mwingine."

"Mwingine? Kwani kwenu muko na mama wangapi? Sikiza, usinichezee. Pasipoti yako ni mimi niko nayo, unasikia? Na gharama zangu je? Unafikiri utapotelea wapi, hiyo Kawangware?"

Mama alikata simu. Aliiweka juu ya kitanda, mbali nasi, kama mtu anavyoweka kitu kinachoweza kuuma. Akaibana mikono yake katikati ya magoti.

"Atafanya nini?" nikauliza.

"Sijui, Mama."

Nilikuwa nimezoea watu wazima wanaojua. Nilisogea mpaka bega langu likagusa lake. Nje yule mwanamke alikuwa bado anadai ndoo yake. Simu ikaanza kulia tena, ikitetemeka juu ya godoro tupu, ikijisogeza kidogo kidogo kuelekea kwetu.

Mama akanyoosha mkono, akausimamisha hewani, akanitazama.

Nikatikisa kichwa.